Mlezi na Msaliti: Uchunguzi wa Riwaya za Dola Dhalimu

Utangulizi

Hakuna utamaduni uwezao kudumu bila ya kuwapo watu wanaokubali kufunza na wengine wanaokubali kufunzwa. Lugha, imani, ufundi wa kuunda majahazi, adabu ya kusalimiana na ya kula pamoja, yote haya hupita kutoka kizazi hadi kizazi kwa njia ya kuaminiana. Mtoto humwamini mzazi, mwari humwamini kungwi wake, na mwanafunzi humwamini mwalimu, wote hao kabla hawajawa na uwezo wa kuyapima wanayoambiwa. Kwa sababu hiyo, mtu aliyepewa dhamana ya kufunza ana nguvu ambayo mwenye bunduki hana. Mwenye bunduki huutawala mwili. Mlezi hufika mpaka moyoni, na hufunguliwa mlango kwa hiari.

Karne ya 20 ilizaa aina ya riwaya iliyolishughulikia jambo hili kwa makini sana. Wahakiki huziita riwaya hizo distopia. Neno hilo lilitokana na jina la kitabu cha Mwingereza Thomas More, Utopia, kilichotolewa mwaka 1516, ambacho kilieleza habari za kisiwa cha kubuni chenye mpango mwema wa maisha. Distopia ni kinyume chake: ni nchi ya kubuni ambamo mpango uliokusudiwa kuwalinda watu au kuwafurahisha umegeuka kuwa kongwa shingoni mwao.

Msomaji wa riwaya hizi ataona kwamba mara nyingi kisa hutegemea watu wawili: mmoja anayefunza na mmoja anayefunzwa. Ataona pia kwamba aghalabu mmoja wao humsaliti mwenziwe. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini waandishi walivutwa na jambo hilo. Tutaonyesha kwamba walilichukua kutoka katika historia waliyoishi, na kwamba waligundua ukweli mmoja mzito: dola dhalimu haitosheki na kuwatisha watu, bali huiteka nyara ile imani iliyopo baina ya mlezi na mwanawe.

Mwanafunzi amsalitiye mwalimu

Aliyeitangulia njia hii alikuwa Mrusi, Yevgeny Zamyatin. Alikuwa mhandisi wa meli, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alipelekwa Uingereza kusimamia ujenzi wa meli za kuvunjia barafu. Ujanani mwake alikuwa Bolsheviki, akafungwa na serikali ya mfalme. Baada ya mapinduzi ya 1917 aliwafundisha waandishi vijana mjini Petrograd ufundi wa utunzi. Mnamo 1920 na 1921 aliandika riwaya ambayo jina lake kwa Kirusi lina maana ya "Sisi". Serikali mpya haikuruhusu ichapishwe. Ikatoka kwanza kwa Kiingereza mjini New York mwaka 1924, na Warusi hawakuweza kuisoma nchini mwao kwa halali mpaka mwaka 1988.

Katika riwaya hiyo watu hawana majina. Wana herufi na nambari. Wanaishi katika nyumba za vioo ili kila mtu aonekane wakati wote, na mtawala wao huitwa Mfadhili. D-503, mhandisi anayeunda chombo cha kwenda angani, anakutana na mwanamke aitwaye I-330. Mwanamke huyo anakuwa mwalimu wake. Anampeleka katika nyumba ya kale iliyohifadhiwa, anamfanya ajiulize maswali, na hatimaye anamvusha nje ya ukuta unaoizunguka nchi, ambako anaona watu na majani na wanyama.

Lakini Zamyatin hakumfanya mwalimu huyo kuwa malaika. I-330 ana haja na kile chombo cha angani kwa ajili ya uasi wake, na Mfadhili anaitumia haja hiyo kumtia mhandisi shaka: je, ulipendwa wewe, au lilipendwa hilo unaloliunda? Shaka ikaingia. Kisha serikali ikawapasua watu vichwa na kuwaondolea uwezo wa kuwaza mambo yasiyokuwapo. D-503 alipopasuliwa alikwenda mwenyewe kwa Mfadhili, akasema yote aliyoyajua. Akakaa akitazama mwalimu wake akiteswa, wala asione huzuni. I-330 hakusema neno. Hapa usaliti umefanywa bila chuki na bila haya, na jambo hilo ndilo linalomtisha msomaji.

Maisha ya Zamyatin nayo yalifuata mkondo wa aina hiyo. Mwaka 1929 chama cha waandishi wenzake kilimlaani kwa sababu ya riwaya hiyo, naye akajiuzulu uanachama. Mwaka 1931 alimwandikia Stalin barua akiomba ruhusa ya kuondoka, akakubaliwa kwa msaada wa Maxim Gorky. Alifariki Paris mwaka 1937 akiwa fukara.

Kizazi kilichowala walezi wake

Kati ya mwaka 1936 na 1938 ulimwengu ulishangazwa na kesi zilizosikilizwa Moscow. Zinoviev, Kamenev, Bukharin na wengineo waliokuwa wenzi wa Lenin walisimama mbele ya mahakama wakakiri kwamba walikuwa wahaini na wapelelezi wa maadui. Wakapigwa risasi. Watu wengi walijiuliza: wazee hawa walioyaasisi mapinduzi wamewezaje kukiri mambo ambayo hayaelekei kuwa ya kweli?

Arthur Koestler, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti tangu 1931 mpaka 1938, alijaribu kulijibu swali hilo kwa riwaya yake Darkness at Noon, iliyochapishwa mwaka 1940. Mhusika mkuu ni Rubashov, mwanamapinduzi mkongwe ambaye sasa amefungwa na serikali aliyoijenga mwenyewe. Akiwa chumbani mwake anawakumbuka waliomtegemea. Anamkumbuka Richard, kijana wa Ujerumani aliyemtupa katika mikono ya maadui kwa sababu alitofautiana na maagizo ya chama. Anamkumbuka Arlova, katibu wake, aliyeuawa huku yeye Rubashov akinyamaza ili aokoke. Kumbe kabla ya kusalitiwa, Rubashov alikuwa msaliti.

Wanaomhoji ni wawili. Wa kwanza ni Ivanov, rafiki yake wa zamani, anayejaribu kumshawishi kwa hoja. Ivanov anaonekana mpole mno, naye anapigwa risasi. Wa pili ni Gletkin, kijana wa mashambani aliyejua kwamba saa imegawanywa katika dakika alipokuwa na umri wa miaka 16. Gletkin hana kumbukumbu za zamani wala mashaka. Anamnyima mzee usingizi, anammulika kwa taa kali usiku na mchana, mpaka mzee anatia sahihi.

Uzito wa riwaya hii umo katika jambo moja: Rubashov anatambua kwamba Gletkin ni mwanawe. Hakumzaa kwa damu, lakini kizazi chake ndicho kilichofundisha kwamba lengo likiwa jema njia yoyote ni halali, na kwamba utu wa mtu mmoja si kitu mbele ya hesabu ya wengi. Mwanafunzi amelishika somo, na sasa anamsomesha mwalimu somo hilo hilo. Wazee wetu walikwisha kusema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Watoto wa mbwa na farasi mchapakazi

Mwandishi ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu zaidi katika uwanja huu ni George Orwell, ambaye jina lake halisi lilikuwa Eric Blair. Mnamo Desemba 1936 alikwenda Hispania kupigana na majeshi ya Franco. Mwezi Mei 1937 alipigwa risasi ya koo, na aliporudi kutoka hospitali alikuta chama ambacho alipigana chini ya bendera yake kikitangazwa kuwa kundi la wahaini. Walioshutumu hawakuwa maadui waliokuwa ng'ambo ya handaki. Walikuwa wapiganaji wa upande ule ule. Andrés Nin, kiongozi wa chama hicho, alikamatwa na kuuawa. Orwell na mkewe wakaponyoka wakaingia Ufaransa. Kikulacho ki nguoni mwako: Orwell aliujua ukweli wa methali hii bila ya kuisikia.

Mwaka 1945 alitoa hadithi ya wanyama waliomfukuza mwenye shamba. Ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Fortunatus Kawegere ikachapishwa mwaka 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama, na wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wameisoma. Walimu aghalabu husisitiza jinsi amri zilizoandikwa ukutani zilivyobadilishwa usiku. Yafaa tuangalie pia habari ya malezi. Mara baada ya mapinduzi, nguruwe Napoleon anawachukua watoto tisa wa mbwa kutoka kwa mama zao, akisema atawapa elimu yeye mwenyewe. Anawaficha darini. Wanyama wengine wanawasahau. Watoto hao wanapotokea tena ni majibwa makali yanayomtii yeye peke yake, na kazi yao ya kwanza ni kumfukuza Snowball. Elimu iliyotolewa mafichoni, mbali na macho ya wazazi na jamii, imezaa kikosi cha kuitisha jamii hiyo hiyo.

Upande wa pili yupo farasi Boxer, ambaye huamini kwamba Napoleon hakosei na kwamba dawa ya kila tatizo ni kuongeza bidii ya kazi. Nguvu zinapomwishia, anauzwa achinjwe. Gari linalokuja kumchukua lina maandishi ubavuni yanayosema wazi kazi yake. Punda Benjamin, ajuaye kusoma kuliko karibu wote, anapiga kelele siku hiyo, lakini miaka yote iliyotangulia aliona na kunyamaza. Mwalimu anayesoma hadithi hii na wanafunzi wake angefanya vema kuuliza: ni nani aliyemsaliti Boxer? Napoleon, bila shaka. Lakini je, msomi aliyenyamaza hana sehemu yake?

Mwalimu anayeshika ufunguo wa jela

Katika riwaya yake ya mwisho, Nineteen Eighty-Four, iliyotolewa Juni 1949, Orwell aliyaunganisha mambo haya yote. Winston Smith ni mtumishi katika wizara ambayo kazi yake ni kuyaandika upya magazeti ya zamani ili yaafikiane na msimamo wa leo wa chama. Anaona njaa ya kumpata mtu mmoja wa kumwambia ukweli. Macho yake yanamwangukia O'Brien, mkubwa mmoja wa chama mwenye sura ya akili na upole. Kwa miaka saba Winston amekuwa akiamini kwamba mtu huyu anamwelewa.

O'Brien anamwalika nyumbani kwake pamoja na Julia, mpenzi wake. Anawauliza kama wako tayari kuua, kuiba, kueneza maradhi, hata kummwagia mtoto tindikali usoni, kwa ajili ya uasi. Wanaitikia yote, wanakataa kutengana tu. Baadaye, Winston akiwa kizuizini na akidai kwamba yeye ni bora kuliko wanaomtesa, O'Brien anamchezea sauti yake iliyonaswa siku ile. Kiapo alichokitoa kwa mwalimu ndicho ushahidi dhidi yake. Hata kile kitabu cha siri alichopewa kiwe mwongozo wake, O'Brien anasema alishiriki kukitunga.

Ajabu ni kwamba O'Brien hakuwa mwongo katika jambo moja: kweli alimwelewa Winston. Alimfuatilia kwa miaka saba kwa subira ambayo walimu wachache wanayo. Katika mateso anazungumza naye kama mwalimu na mwanafunzi, akieleza, akiuliza, akisahihisha. Lengo lake si kumuua mpinzani, bali kumfanya aupende utawala unaomwangamiza. Ili kulifikia lengo hilo inambidi kwanza amfanye Winston naye awe msaliti. Katika Chumba 101, mbele ya panya, Winston anapiga kelele kwamba Julia ateswe badala yake. Tangu hapo hana tena kitu cha kukilinda.

Kuna kisa kingine kidogo katika riwaya hiyo kinachofaa kukumbukwa. Jirani yake Winston aitwaye Parsons anafikishwa gerezani kwa kuripotiwa na bintiye wa miaka saba, naye anasema anajivunia mtoto huyo kwa kuwa amelelewa vema. Kisa hiki kina mizizi katika historia. Katika Urusi ya miaka ya 1930 watoto walisomeshwa habari za Pavlik Morozov, mvulana aliyeuawa mwaka 1932, ambaye ilisemekana kwamba alimshtaki babake kwa serikali. Alijengewa sanamu, akafanywa kielelezo. Dola ilikuwa ikiwaambia watoto kwamba mlezi wao wa kweli ni yeye.

Si kila mwalimu na mwanafunzi husalitiana, hata miongoni mwa watunzi wenyewe. Aldous Huxley, aliyetoa Brave New World mwaka 1932, aliwahi kufundisha Kifaransa kwa muda mfupi katika shule ya Eton, na Eric Blair alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Mwezi Oktoba 1949 Huxley alimwandikia mwanafunzi wake huyo wa zamani, akakisifu kitabu chake kipya, kisha akasema kwamba yeye anadhani watawala wa baadaye watagundua njia laini zaidi kuliko mateso, kama vile kuwazoeza watoto tangu uchanga. Katika riwaya ya Huxley watoto hufunzwa usingizini na sauti isiyo na uso. Mwalimu wa namna hiyo hawezi kuulizwa swali. Wawili hawa walitofautiana kwa uwazi na heshima, na hiyo ni dalili ya malezi yaliyo hai.

Zimamoto na mzee mwoga

Mmarekani Ray Bradbury alitoa Fahrenheit 451 mwaka 1953. Montag ni mtu wa zimamoto, lakini katika nchi yake wazimamoto kazi yao ni kuwasha moto: huchoma vitabu. Mbele yake wapo walimu wawili. Mmoja ni mkubwa wake wa kazi, kapteni Beatty, ambaye amesoma vitabu vingi na anaweza kuyatamka maneno yao kwa ghibu, lakini hutumia elimu hiyo kuthibitisha kwamba elimu haina faida. Wa pili ni Faber, mzee aliyekuwa profesa. Anamwambia Montag kwamba yeye ni mwoga: aliona mambo yakielekea wapi tangu zamani, akanyamaza.

Tofauti yao ni kubwa. Beatty anajitokeza kama mtu mwenye jibu la kila swali. Faber anakiri upungufu wake, kisha anajitia hatarini. Montag anaripotiwa na mkewe mwenyewe, anakimbia, na mwishowe anawakuta watu porini ambao kila mmoja amekihifadhi kitabu kimoja kichwani mwake.

Msomaji wa pwani yetu hatauona mwisho huu kuwa mgeni. Tenzi zetu nyingi zilikaa vifuani mwa watu kabla ya kukaa katika vitabu. Utendi wa Mwanakupona, uliotungwa mwaka 1858 hivi, ni wosia wa mama mgonjwa kwa bintiye. Mwana Kupona alikuwa karibu na kifo. Hakuwa na faida ya kuichuma kwa binti aliyekuwa akimfunza. Twaweza kuwa na maoni mbalimbali leo juu ya mafunzo yake kuhusu ndoa, lakini nia ya mfunzaji haifichiki.

Shangazi na kungwi

Mwaka 1985 Margaret Atwood wa Kanada alichapisha The Handmaid's Tale. Katika dola ya Gilead wanawake wenye uwezo wa kuzaa wanafungiwa wakafunzwe utiifu, na wanaowafunza ni wanawake wenzao waitwao Mashangazi. Mkuu wao, Lydia, anazungumza kwa sauti ya huruma huku fimbo ya umeme imo mikononi mwa wasaidizi wake. Anawaambia wanawake kwamba sasa wamelindwa.

Neno shangazi kwetu lina uzito wa damu na mapenzi, na somo au kungwi huheshimiwa katika malezi ya mwari. Lakini kungwi hujulikana na ukoo, na akimharibu mwari atajibu kwa jamaa. Mashangazi wa Gilead hawajibu kwa yeyote ila dola. Wamechukua jina la jamaa bila ya dhamana ya jamaa. Katika kitabu kilichofuata mwaka 2019, The Testaments, Lydia anaonekana akiandika kwa siri ushahidi wa kuiangusha dola hiyo hiyo. Hata hivyo walioumizwa hawakurudishiwa walichopoteza.

Fasihi ya Kiswahili nayo imeligusa suala hili kwa namna yake. Katika riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Babu Alipofufuka, ya mwaka 2001, babu aliyekwisha kufa anarudi kumkabili mjukuu wake mwenye cheo na mali. Hapa mlezi ndiye aliyesalitiwa, na anatoka kaburini kudai hesabu.

Hitimisho

Tukiyaweka masimulizi haya pamoja, tunaweza kuchota alama za kumtenga mlezi na msaliti. Kwanza, mlezi wa kweli huruhusu maneno yake yapimwe. Msaliti hudai kiapo kwanza na maelezo baadaye, kama alivyofanya O'Brien. Pili, mlezi wa kweli hushiriki hatari anayomtuma mwanafunzi kuikabili. Msaliti hubaki salama. Tatu, mlezi wa kweli hufunza hadharani na humrudisha mwanafunzi kwa watu wake. Msaliti humtenga, kama watoto wa mbwa walivyotengwa darini.

Lakini tujihadhari tusije tukatoka na funzo la makosa. Anayezisoma riwaya hizi akaamua kutomwamini mtu yeyote atakuwa ameingia mwenyewe katika nchi ya Winston, ambako kila mtu anamwogopa mwenziwe, na dola hustawi kwa hofu hiyo. Waandishi hawa walilieleza chungu la usaliti kwa sababu waliijua thamani ya kitu kilichosalitiwa. Mwalimu anayeingia darasani kesho asubuhi atakuta vijana wanaomwamini kabla ya kumjua. Ajiulize, kabla ya kufungua kitabu, kama yuko tayari kuulizwa nao swali ambalo hana jibu lake.